Moshi wa Motakaa na Gasketi ya Eksozi

Wasomaji wetu wa Busunzu na sehemu nyingine za Kibondo na Kasulu wajua kuwa mgonjwa akizidiwa usiku, mara nyingi hupelekwa hospitali kwa motakaa. Kukiwa na mvua au baridi, vioo vyote hufungwa. Basi twataka kueleza habari za kitu kidogo ambacho kikiharibika, abiria waweza kudhurika njiani bila kufahamu.

Injini ichomapo mafuta hutoa moshi wenye moto mkali, pengine kupita digrii 500. Moshi huo hutoka katika matundu ya injini, huingia katika chuma kiitwacho manifoldi, kisha hufuata bomba la eksozi hata nyuma ya gari. Baina ya injini na manifoldi huwekwa gasketi, yaani bamba jembamba la kuziba nafasi. Chuma hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na mitikisiko ya njia zenye mashimo hulegeza nati. Hatimaye gasketi huungua au hupasuka.

Dalili zake ni hizi: mlio wa tik-tik injini iwashwapo ikiwa baridi, na tena wakati wa kupanda mlima, masizi meusi penye maungio, na harufu ya moshi ndani ya gari. Mlio ukipungua injini ipatapo moto, dereva asidhani kuwa gari limepona; ni chuma kimetanuka tu.

Hatari kubwa ni hewa ya kaboni monoksaidi iliyomo katika moshi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu na kichefuchefu, mwisho mtu huzimia, hata kufa. Dalili hizo zikionekana, gari lisimamishwe, injini izimwe, na wote watolewe nje wapate hewa safi.

Atakaye kubadili gasketi aiache injini ipoe kabisa. Nati zitiwe mafuta ya kulegeza kutu mapema, maana zikilazimishwa bolti hukatika. Manifoldi ikiisha kutolewa, mabaki yaloweshwe maji na kukwanguliwa taratibu pasipo kupuliza vumbi, kwa kuwa gasketi za zamani zaweza kuwa na asbesto, nayo hudhuru mapafu. Uso wa chuma upimwe kwa rula. Ukiwa umepinda, upelekwe kwa fundi kusawazishwa. Gasketi mpya iwe ya aina ya injini ile ile, wala ya zamani isirudishwe. Nati zikazwe kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kisha injini iwashwe mahali peupe, si ndani ya banda, na kusikilizwa.

Wahenga walinena, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yafaa viongozi wa vijiji na walimu wawaeleze watu haya, wala mtu asione haya kumwuliza dereva habari za harufu ya moshi kabla ya kumpakia mgonjwa wake.