Kiswahili cha gereji si cha kudharauliwa

Katika jioni za baridi za Juni na Julai mwaka wa 2023, wanafunzi wangu walikuwa na kazi ya ziada isiyokuwemo katika silabasi: kulisukuma gari langu. Mhadhara ukiisha, watano au sita hivi walinifuata hadi kwenye maegesho, wakainama nyuma ya ile Peugeot 504 ya dizeli, wakasukuma hadi iwake na kuwafunika kwa moshi. Wazee wetu huiita Pijo. Aina hiyo ilitokea Ufaransa mwaka wa 1968, na ndugu zake wa petroli walishinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 na tena mwaka wa 1978. Langu halijapata kushinda chochote, ila subira ya majirani.

Mwezi wa Agosti nililipeleka gereji. Fundi hakufungua kitu. Aliliwasha, akatoa kifuniko cha kumiminia oili, akaweka kiganja juu ya tundu, akasikiliza. Kisha akanena: "Mwalimu, injini hii inapumua, inakula oili, na silinda ya tatu inamisi. Haijanoki, lakini iko njiani. Ishushwe."

Nimefundisha isimu kwa miaka kadhaa, na somo la uundaji wa istilahi ni langu. Hata hivyo, katika kauli hiyo fupi nilisikia istilahi tano, na mbili kati yake sikuzifahamu barabara. Ilinibidi niulize kama mtoto wa chekechea.

Injini ya dizeli, msomaji, haina cheche ya kuwashia mafuta. Pistoni huikandamiza hewa ndani ya silinda hadi ibaki sehemu ndogo mno, chini ya moja kwa ishirini ya ujazo wake wa awali katika injini kama yangu. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la zaidi ya digrii 500, na dizeli inaponyunyizwa humo huwaka yenyewe. Basi ringi za pistoni zikilika, hewa huponyoka kandokando, joto halitoshi, na gari haliwaki mpaka lisukumwe. Ile hewa iliyoponyoka hushuka chini penye oili, ikatafuta njia ya kutokea kwa juu, ikapuliza kiganja cha fundi. Huko ndiko "kupumua". Sijui kama kamati ya wasomi, ikikaa wiki nzima hotelini, ingepata neno zuri kuliko hilo.

Moshi nao una sarufi yake. Mweusi ni dalili ya mafuta mengi au hewa haba. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe, injini ikiwa imeshapata moto, ni wa kutiliwa shaka: huenda maji yanapenya mahali yasipotakiwa. Kijana mwanagenzi alinieleza yote hayo huku akiosha pistoni kwa mafuta ya taa, wala hakusita hata mara moja kutafuta neno.

Wapo wenzangu wanaokiita Kiswahili hicho kibovu. Nakubali kwamba "noki" ni neno la kuazimwa. Lakini tazama lilivyopokewa nyumbani: injini imenoki, isipotiwa oili hunoki, na dereva mzembe ameinokisha. Neno linaloweza kunyambuliwa namna hiyo limekwisha kupata uraia. Aidha, gereji imeyahifadhi maneno ya asili ambayo wanafunzi wangu hawayatumii tena. Kranki ilipotolewa, fundi aliipitisha ukucha akasema "imelika". Wangapi kati ya vijana wetu wangesema hivyo, badala ya kusema "imeisha"?

Kranki ilipelekwa kwenye karakana ya mashine ili ipunguzwe robo ya milimita, halafu itiwe beringi nene kidogo za kujaza pengo hilo. Hapo nikaona fursa ya kuonyesha elimu yangu. Nikamwambia fundi kwamba tunalo neno la kale, kukereza. Akatabasamu. "Kukereza ni kumpa mtu umbo kwa chuma cha kukatia, Mwalimu. Hii umbo inalo. Tunaisaga kwa jiwe tu, itoke mikwaruzo." Lile "kumpa mtu" lilinichekesha, lakini tofauti aliyoitaja ni ya kweli, nami sikuwa nimeifikiria.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Siku ya kurudisha hedi, fundi alikuwa ameondoka kwenda Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, kutafuta vipuri. Alimwachia mwanagenzi kazi ya kukaza boliti, na mimi nikaachiwa kitabu. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, nakala ya nakala, na mchoro wa mpangilio wa boliti ulikuwa umefifia. Maelezo yalisema boliti zikazwe hatua kwa hatua, kwa utaratibu maalumu wa nambari. Nikafasiri kwa sauti ya darasani: "Kaza kidogo kidogo, kwa mfuatano." Kijana akaanza mwisho mmoja wa hedi, boliti baada ya boliti, hadi mwisho wa pili. Akarudia mara tatu. Alifuata nilichosema. Mfuatano ni mfuatano.

Injini iliwaka kwa mshituo mmoja, nasi tukashangilia. Siku ya pili ilitoa moshi mweupe, maji yakatokota kwenye rejeta, na oili ilipopimwa ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya hedi ilikuwa imevuja. Hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda kingoni ili ilale sawasawa. Ikikazwa kutoka upande mmoja, hubanwa huku ikaachia kule.

Fundi alimgeukia kijana. Hakupaza sauti, lakini alitaja bei ya gasketi, bei ya oili na siku mbili za kazi, akasema vitakatwa katika ujira wake. Kijana hakujitetea. Alinitazama mara moja tu, akainamisha kichwa. Nakiri kwamba nilinyamaza kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Kisha nikasema neno lilikuwa langu, na gharama ni yangu.

Fundi aliniuliza kitabu kilisema nini hasa. Nilipomweleza, alimwita kijana karibu. "Mama yako husuka kiondo?" "Husuka." "Huanzia wapi?" "Kitovuni, chini, halafu huzunguka akitoka nje." "Basi kaza hivyo."

Maneno machache, na hakuna aliyekosea tena.

Tangu mwaka wa 2010, Katiba yetu imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mbali na kuwa lugha ya taifa. Na tangu kuja kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka wa 1985, kila mwanafunzi alilazimika kukisoma na kukifanyia mtihani. Tumetunga insha nyingi juu ya ajali za barabarani. Lakini kijana yule, aliyefaulu Kiswahili na kuanguka Kiingereza, hana hata ukurasa mmoja kwa lugha anayoijua unaomweleza namna ya kurudisha hedi. Maarifa yamo vichwani na mikononi mwa mafundi, na fundi akienda sokoni huondoka nayo. Sisi wenye kalamu tunasubiri istilahi zishuke kutoka juu, ilhali zimejaa chini ya magari. Mwalimu mwenzangu, badala ya insha nyingine ya ajali, wape wanafunzi daftari uwapeleke gereji iliyo jirani.

Mimi nimeanza kwa karatasi moja, inayoeleza kazi ya kurudisha hedi tangu kusafisha hadi kukaza. Niliandika "kitovuni". Niliandika pia "kani ya ukazaji", na nilijivunia sana. Karatasi hiyo imebandikwa ukutani pale gereji, tayari ina alama za vidole vya oili. Juma lililopita nilikuta "kani ya ukazaji" imepigwa mstari, na juu yake, kwa mwandiko wa yule kijana: "uzito wa spana".