Safari ya familia kwenda Zanzibar kwa boti: mambo ya kuzingatia kabla ya kuondoka nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kila shule zinapofungwa mwezi Juni na Desemba, na kila sikukuu za Idd, Krismasi na Mwaka Mpya zinapowadia, eneo la kupandia boti ziendazo Zanzibar, lililopo mkabala na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu katikati ya Jiji la Dar es Salaam, hufurika abiria. Miongoni mwao ni familia kutoka Mbagala, Chamazi, Tandika, Tegeta, Bunju na maeneo mengine ya Wilaya za Temeke na Kinondoni, wengi wakiwa na watoto wanaoiona bahari kuu kwa mara ya kwanza.

Kwa miaka mingi mapumziko ya baharini yalichukuliwa kuwa jambo la watalii wanaoshuka kutoka meli kubwa za kigeni. Leo boti ziendazo kasi huvuka kutoka Dar es Salaam hadi Unguja kwa muda wa takriban saa mbili, na familia yenye kipato cha kawaida inaweza kujipanga ikaenda na kurudi bila kuathiri ada za shule.

Hata hivyo, maandalizi ya safari ya majini hutofautiana na ya safari ya basi. Basi likipata hitilafu, abiria hushuka kando ya barabara. Katikati ya bahari hakuna pa kushukia. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya usalama wa familia huamuliwa nchi kavu: siku ya kukata tiketi, jioni ya kusikiliza utabiri wa hali ya hewa na asubuhi ya kuhesabu watoto kabla ya kutoka nyumbani. Makala haya yanafafanua mambo ya msingi ambayo kila mkuu wa familia anapaswa kuyafahamu.

Kila jina liandikwe, hata la mtoto mchanga

Jambo la kwanza ndilo linalopuuzwa zaidi. Wazazi wengi huona kwamba mtoto anayebebwa mapajani hana haja ya kuandikishwa, kwa kuwa hachukui kiti. Mtazamo huo ni wa hatari.

Orodha ya abiria ina kazi mbili. Kabla ya safari, humwezesha nahodha na wasimamizi wa bandari kujua iwapo chombo kimefikia idadi ya watu kinachoruhusiwa kubeba. Ikitokea ajali, huwaeleza waokoaji ni watu wangapi wa kutafutwa. Mtoto ambaye hayumo katika orodha hahesabiwi katika hali zote mbili. Kanuni za kimataifa za usalama wa maisha baharini zinataka watu wote wahesabiwe kabla ya meli ya abiria kuondoka. Majina yao pia huandikwa kwa kutofautisha watu wazima, watoto na watoto wachanga. Umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni takriban maili 40 za baharini.

Taifa limejifunza umuhimu wa hesabu hiyo kwa gharama kubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa safarini kuelekea Pemba. Uchunguzi uliofuata ulibainisha kuwa meli hiyo ilibeba watu zaidi ya 2,000, idadi iliyozidi mara kadhaa uwezo wake, na familia nyingi zilibaki bila kujua kwa uhakika hatima ya ndugu zao. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara wilayani Ukerewe, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Katika ajali zote mbili idadi ya waliokuwemo haikujulikana kwa usahihi wakati uokoaji ulipoanza.

Mzazi anapokata tiketi, ahakikishe majina ya watoto wote yameingizwa jinsi yalivyo katika vyeti vyao vya kuzaliwa, na ayasome tena kabla ya kuondoka dirishani. Aidha, abiria asikubali kusafiri kwa tiketi yenye jina la mtu mwingine, hata kama imeuzwa kwa bei nafuu. Anayefanya hivyo huandikwa katika orodha kama mtu ambaye hayupo safarini, na yeye mwenyewe hajulikani kuwa yupo.

Tiketi na vitambulisho

Tiketi zinunuliwe katika ofisi za kampuni husika au kwa njia za mtandao zilizotangazwa na kampuni yenyewe. Katika misimu ya sikukuu hujitokeza watu nje ya lango wanaodai kuwa na tiketi za mwisho. Abiria anayewapa fedha anaweza kufika mlangoni akiwa na karatasi isiyotambulika.

Mtu mzima abebe Kitambulisho cha Taifa au kitambulisho kingine halali chenye picha, kwa kuwa nauli ya raia hutofautiana na ya mgeni na uthibitisho wa uraia huhitajika. Kwa watoto, ni vyema kubeba nakala za vyeti vya kuzaliwa. Mtu anayesafiri na watoto wa ndugu au wa jirani awe na maelezo ya maandishi na namba za simu za wazazi wao.

Familia zenye ndugu wanaokuja kutoka nje ya nchi wakiwa na pasipoti za kigeni zizingatie kuwa tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Raia wa Tanzania hahusiki na takwa hilo.

Kuujua msimu wa bahari

Wakazi wa mwambao wanafahamu kuwa bahari ina majira yake. Upepo wa kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, na upepo wa kusi kati ya Aprili na Oktoba, ukishika kasi zaidi kuanzia Juni hadi Agosti. Hivyo likizo ya katikati ya mwaka, ambayo familia nyingi huichagua, huangukia wakati ambao bahari huchafuka. Meli ya MV Skagit, iliyokuwa imetoka Dar es Salaam, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi.

Hili halimaanishi kuwa safari za Juni na Julai ziepukwe. Linamaanisha kuwa tarehe ya safari isiwe ya lazima. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa kila siku utabiri unaohusu pia bahari, na hutoa taarifa maalumu pale upepo unapotarajiwa kuzidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi kuzidi mita 2. Taarifa hizo huambatana na rangi: njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Mkuu wa familia asikilize utabiri siku mbili kabla ya safari na tena usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Safari inapoahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, abiria wasimshinikize nahodha wala watumishi wa kampuni kuondoka. Jambo la busara ni kuuliza mapema, wakati wa kukata tiketi, utaratibu wa kubadilisha siku au kurejeshewa nauli. Vilevile familia isipange kurudi jioni ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa au likizo ya kazini kuisha. Siku moja ya akiba huwaondolea wazazi kishawishi cha kulazimisha safari katika bahari isiyotulia.

Asubuhi ya safari

Kwa mkazi wa Bunju au Chamazi, safari huanza saa kadhaa kabla ya boti kuondoka. Msongamano wa magari ya asubuhi kuelekea katikati ya jiji unajulikana, na mizigo ya familia hairahisishi kubadilisha daladala. Inashauriwa kufika bandarini angalau saa moja kabla ya muda wa kuondoka ili kukamilisha ukaguzi wa tiketi na mizigo bila haraka. Familia iliyochagua boti ya asubuhi na mapema inaweza kuona unafuu kulala kwa ndugu anayeishi karibu na mjini.

Mizigo iwe michache na iandikwe majina. Fedha, simu, dawa na vyeti vikae katika mkoba mdogo anaoubeba mzazi mwenyewe. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku pande zote mbili za Muungano, hivyo vyakula vifungashwe katika vyombo au vikapu. Kila mtoto awekewe mfukoni kipande cha karatasi chenye jina lake na namba ya simu ya mzazi.

Ndani ya boti

Familia ikishakaa, kazi ya kwanza ya mzazi ni kufahamu milango ya dharura ilipo na jaketi za kujiokolea, ambazo wengi huziita maboya, zimehifadhiwa wapi. Maelezo ya usalama yanapotolewa, simu ziwekwe pembeni na watoto wasikilize.

Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto, kwa kuwa linaweza kumchomoka akiwa majini. Viwango vya kimataifa hugawa jaketi katika makundi matatu: la mtoto mchanga mwenye uzito chini ya kilo 15, la mtoto wa kilo 15 hadi 43, na la mtu mzima mwenye uzito zaidi ya hapo. Mzazi anayejua uzito wa mwanawe anaweza kumuuliza baharia swali mahususi: jaketi la ukubwa huu lipo wapi? Swali hilo ni haki ya abiria, na anayeuliza asionekane msumbufu.

Kichefuchefu cha bahari huwasumbua watu wazima na watoto. Viti vya katikati ya chombo na vya sehemu ya chini hutikisika kidogo kuliko vya mbele na vya juu. Abiria ale chakula chepesi, aepuke mafuta mengi, na aangalie mbali kwenye upeo wa bahari badala ya skrini ya simu. Dawa za kuzuia kutapika hazimfai kila mtoto, hasa aliye chini ya miaka miwili; mzazi apate ushauri wa daktari au mfamasia kabla ya kumpa.

Gharama na maisha ya upande wa pili

Familia ya watu watano hulipia safari kumi, tano za kwenda na tano za kurudi. Hesabu hiyo ifanywe kwanza, pamoja na kuuliza nauli ya watoto, kabla ya kufikiria malazi. Tiketi ya kurudi ikatwe mapema, kwani wengi wanaokwama Unguja baada ya sikukuu ni wale waliotegemea kuipata siku yenyewe. Wenye kadi za bima ya afya waulize kabla ya kuondoka iwapo zinapokelewa katika vituo vya Zanzibar, na wenye maradhi ya kudumu wabebe dawa za kutosha kwa siku zinazozidi zile walizopanga.

Wageni wanahimizwa kuheshimu mila za wenyeji kwa kuvaa mavazi ya staha mitaani na, katika mwezi wa Ramadhani, kutokula hadharani mchana. Aidha, watoto wasiachwe peke yao ufukweni. Katika pwani ya mashariki, kama vile Paje na Jambiani, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia karibu mita 4. Maji hurudi mbali sana, watoto huvutika kuyafuata hadi kwenye mwamba, kisha hujaa tena nyuma yao. Mwenyeji yeyote atakuambia saa ya maji kujaa. Muulize kila asubuhi.

Kwa familia ambazo bajeti yake haijafikia Zanzibar, visiwa vya Mbudya na Bongoyo, vilivyomo katika maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, vipo karibu na fukwe za Kunduchi na Msasani katika Wilaya ya Kinondoni. Safari ni fupi, lakini vyombo ni vidogo. Kila abiria avae jaketi tangu chombo kinapoondoka, na wazazi wakatae kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi.

Wajibu wa pamoja

Serikali zote mbili zimeweka vyombo vya kusimamia usafiri huu. Kwa Tanzania Bara, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, husimamia usalama wa vyombo vya majini, na kwa upande wa Zanzibar jukumu hilo ni la Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA). Mwananchi anayeona chombo kimezidisha abiria, au kinapakia watu wasioandikishwa, atoe taarifa kwa mamlaka hizo au kwa Polisi kupitia namba ya dharura 112, kabla chombo hakijaondoka.

Ukaguzi wa Serikali, hata hivyo, hauwezi kuona jina ambalo mzazi hakulitaja. Jioni ya kuamkia safari, familia ikae pamoja na kusoma tiketi moja baada ya nyingine. Idadi ya majina ilingane na idadi ya watu waliomo chumbani, akiwemo yule aliyelala mgongoni mwa mama yake.