Bidhaa au Huduma: Ugumu wa Kuuza Uko Wapi?

Muuza vitenge katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, hutandaza mali yake mezani. Mteja huishika, huikunjua, huitazama kwenye mwanga, kisha huenda kuulizia bei duka la pili. Fundi cherehani wa mtaa huohuo hana cha kutandaza zaidi ya picha za mishono na gauni moja lililoning'inizwa mlangoni. Nguo atakayolipwa kwayo bado haipo. Wa kwanza anauza bidhaa, wa pili anauza huduma. Kila mmoja ana ugumu wake, lakini hauwapati katika hatua moja ya biashara.

Kwa muuza huduma, ugumu huanzia kwenye macho ya mteja. Mwaka 1970 mchumi Phillip Nelson alitofautisha vitu ambavyo ubora wake huonekana kabla ya kununuliwa na vile ambavyo ubora wake hujulikana baada ya kutumiwa. Mwaka 1973 Michael Darby na Edi Karni waliongeza kundi la tatu, la vitu ambavyo mnunuzi hawezi kuvipima hata akishavitumia. Sufuria na kiti cha plastiki vimo katika kundi la kwanza. Chakula cha mgahawani na nywele za kusukwa vimo katika la pili. Matengenezo ya injini, ushauri wa wakili na tiba vinaangukia la tatu: mwenye gari hulipia kifaa kipya bila kujua kama kile cha zamani kilikuwa kimekufa kweli.

Bidhaa nyingi za kawaida ziko katika kundi la kwanza, na huduma nyingi katika mawili yanayofuata. Kwa hiyo methali isemayo kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza inawafaa zaidi wauza bidhaa. Huduma njema iliyo mpya haijiuzi, maana hakuna aliyeiona. Hutembezwa kwanza, na wanaoitembeza vizuri zaidi ni wateja waliokwisha kuridhika. Mauzo ya mwanzo ya fundi, mpishi wa shughuli au mpiga picha za harusi hutoka kwa ndugu na majirani, kisha kwa watu walioelekezwa na hao.

Hata hivyo, mpaka huu una mianya. Belo la mitumba hununuliwa likiwa limefungwa. Mchuuzi hulipia daraja lililotajwa na sifa ya muuzaji, na hujua alichonunua baada ya kukata mikanda. Bidhaa hiyo inauzwa kwa imani, kama huduma. Kampuni za simu nazo zilifanya kinyume chake: muda wa maongezi, ambao haushikiki, uliwekwa kwenye vocha ya kukwangua yenye bei iliyoandikwa, ukauzwa dukani kando ya sabuni na kiberiti. Bima haikupata wepesi huo, kwa kuwa inauza ahadi ya siku ambayo mnunuzi anaomba isifike. Bima ya gari dhidi ya hasara za watu wengine hununuliwa kwa wingi Tanzania na Kenya kwa sababu sheria inailazimisha, ilhali bima ya hiari huhitaji wakala mwenye subira.

Kwa muuza bidhaa, wepesi anaoupata mbele ya mteja ameshaulipia. Kabla ya mauzo ya kwanza anahitaji fremu, na katika maeneo yenye msongamano kodi hudaiwa kwa miezi kadhaa kwa mkupuo, pengine pamoja na kilemba cha kumwondoa mpangaji wa awali. Kisha anahitaji mzigo. Anayeagiza kutoka Guangzhou hulipa kiwandani, husubiri meli, hulipa ushuru bandarini, ndipo aanze kuuza. Asiye na mtaji wa kutosha huchukua mali kauli, yaani hupewa mali kwa ahadi ya kulipa akishauza, na muda wa ahadi ukipita hupoteza jina lake kwa wauzaji wa jumla.

Mzigo nao haukai salama. Mtindo wa viatu ukibadilika, mali hudoda. Matunda huoza, dawa hupitwa na tarehe. Moto ulioteketeza Soko Kuu la Kariakoo Julai 2021 uliunguza pamoja na jengo mitaji iliyokuwa imegeuzwa kuwa bidhaa. Wafanyabiashara wa soko la Gikomba, Nairobi, wamepata hasara ya aina hiyo zaidi ya mara moja.

Mtoa huduma huanza na mzigo mwepesi zaidi. Kinyozi anahitaji mashine na kiti, fundi bomba anahitaji mfuko wa spana, na mtaji mkubwa wa wote wawili ni ujuzi. Tatizo lao ni muda, ambao hauwekwi stoo. Sufuria isiyouzwa leo itauzwa kesho, lakini saa ambayo kiti cha kinyozi kilikaa kitupu imekwenda. Hoteli za Zanzibar hukutana na jambo hilo kila masika: chumba kilicholala bila mgeni mwezi Aprili hakiwezi kuuzwa mara mbili Agosti, hivyo bei hushushwa msimu wa mvua ili angalau mishahara na umeme vilipwe.

Kukua ni kugumu pia. Duka likipata wateja maradufu, huagiza mali maradufu. Saluni ikipata wateja maradufu, huhitaji mikono mipya, na wateja huja wakimtaka msusi yuleyule. Msusi huyo akiamua kufungua saluni yake, sehemu ya wateja humfuata.

Upande wa bei, muuza bidhaa hubanwa zaidi. Sukari ya duka moja ni sawa na ya duka jirani, kwa hiyo faida ya kila kipande huwa nyembamba na pato hutokana na wingi. Kazi za mafundi wawili hazilingani, na aliyejijengea jina anaweza kutoza zaidi bila kukimbiwa. Lakini malipo ya huduma hupotea kirahisi. Mali iliyokopeshwa pengine inaweza kurudishwa. Ushauri uliokwisha kutolewa na nywele zilizokwisha kusukwa havirudi. Ndiyo sababu mafundi wengi hudai malipo ya awali, na fundi cherehani hakabidhi nguo hadi salio limalizike.

Wafanyabiashara wengi hawachagui upande mmoja. Maduka ya mtaani yaliongeza uwakala wa M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008: floti, yaani fedha ambayo wakala huweka ya kuhudumia wateja, hukaa kama mtaji, kamisheni huingia kidogokidogo, na anayekuja kutoa pesa hununua mkate. Mafundi simu huuza makava na chaja, na saluni huuza mafuta ya nywele, ili siku yenye wateja wachache isipite bure. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza mauzo Kenya mwaka 2012, iliuza mitambo midogo ya sola kwa malipo ya kila siku kupitia simu, ikiunganisha bidhaa na mkopo. Ndani ya Kariakoo kwenyewe wapo mawinga, ambao huuza mali ya maduka ya watu bila kumiliki hata pea moja ya viatu. Wanachouza ni kujua kitu gani kipo wapi na kwa bei gani, na pato lao ni cha juu wanachoongeza kwenye bei ya duka.

Basi jibu hutegemea anachokuwa nacho mtu siku anapoanza. Mwenye mtaji na asiye na ufundi atapata mauzo haraka zaidi kwa bidhaa, mradi ajue kuchagua mzigo na kutunza daftari. Mwenye ufundi na asiye na mtaji ataanza kwa urahisi zaidi na huduma, mradi aweze kuvumilia miezi ya mwanzo ambayo jina lake bado halijasambaa. Wa kwanza huhatarisha fedha kabla ya kumpata mteja, na wa pili, akishampata, huanza kuishiwa na saa za siku.