Maradhi Yasiyoingia Daftarini

Likasi, mji ulio kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, uliozaliwa na shaba na kulelewa na reli, na ambao hadi mwaka 1966 uliitwa Jadotville, una majira ambayo kikohozi si habari kwa mtu yeyote. Miezi ya Juni na Julai kipupwe hushuka usiku juu ya mabati ya Kikula na Panda, mchana vumbi la malori hutanda barabarani, na jioni moshi wa mbabula, majiko ya makaa yanayowashwa nyuani kwa ajili ya ugali tuuitao bukari, huungana na hewa ya viwanda vya Shituru. Mtu akikohoa huambiwa ni vumbi; akipatwa na homa huambiwa ni palu; na akimeza vidonge vya malaria, akajifukiza kwa majani ya mkaratusi, akaamka mzima siku ya nne, hapana ajuaye, wala yeye mwenyewe hajui, ni maradhi gani yaliyopita mwilini mwake. Ni katika majira ya namna hiyo, mwaka 2020, ndipo wimbi la kwanza la Korona lilipokuwa likienea katika nchi ya Kongo.

Mgonjwa wa kwanza wa nchi hii alithibitishwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, na kabla mwezi huo haujaisha gavana wa Haut-Katanga, Jacques Kyabula, alikuwa amekwisha kuamuru watu wakae majumbani kwa saa 48, kwa hofu ya abiria walioshuka kutoka ndege ya Kinshasa. Hofu ilifika upesi kuliko vipimo. Katika siku zile za mwanzo maabara moja tu, ile ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya Viumbehai, INRB, iliyo chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kupima, na taasisi hiyo iko Kinshasa, zaidi ya kilomita elfu moja na mia nne kutoka hapa. Basi, aghalabu waliopimwa walikuwa msafiri aliyelazimishwa na sheria ya uwanja wa ndege, mtu aliyekula meza moja na mgonjwa aliyejulikana, na mahututi aliyebahatika kufika mikononi mwa daktari mwenye vifaa. Mchimbaji aliyekohoa siku mbili akarudi shimoni, mama aliyepoteza ladha ya chumvi akadhani mboga haikuiva, mtoto aliyechemka usiku mmoja akacheza kesho yake, hao hawakuandikwa popote.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Hesabu iliyosomwa redioni kila jioni haikuwa hesabu ya walioambukizwa. Ilikuwa hesabu ya waliopimwa wakaonekana wana kirusi. Mambo hayo mawili yako mbali sana, na kudhani kuwa ni jambo moja ni sawa na kuhesabu samaki wa Ziwa Upemba kwa wale waliokwisha kuingia mtumbwini. Ithibati iliyo wazi ilitoka kwa jirani zetu wa Tanzania, ambako hesabu rasmi ilisimama mwezi Mei 2020 kwa wagonjwa 509 na haikusogea kwa mwaka mzima na zaidi. Haikusimama kwa sababu kirusi kilisimama, bali kwa sababu utangazaji ulisimama.

Kirusi chenyewe kina tabia inayokisaidia kukwepa daftari. Mtu aliyeambukizwa huanza kukitoa puani na kinywani kabla hajahisi lolote, na wengine hawahisi lolote mpaka mwisho. Ukali wake hupanda kwa umri, na hupanda kwa kasi ya ajabu: hatari ya kufa inayomkabili mzee wa miaka themanini ni kubwa kwa mamia ya mara kuliko ile ya kijana wa miaka ishirini. Kongo ni nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake hawajatimiza miaka ishirini. Basi kirusi kilichojaza hospitali za Lombardia nchini Italia, ambako wazee ni wengi, kiliweza kupita katika nyua za Likasi, nyumba hata nyumba, kikiacha mafua, maumivu ya kichwa na uchovu wa siku tatu. Zaidi ya hayo, kipimo cha puani hukikamata kirusi katika muda wa siku au wiki chache tu, maana hutafuta chembe za urithi za kirusi na kuzirudufisha mara kwa mara hadi zionekane; mwili ukishajisafisha hakuna cha kurudufisha, na shahidi huyo huwa amekwisha kuondoka mjini.

Lakini damu ina kumbukumbu. Wiki moja hadi tatu baada ya maambukizi mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini zilizochongwa mahsusi kuushika mwili wa kirusi kile na si kingine, nazo hubaki zikizunguka katika damu kwa miezi mingi baada ya mwenyewe kusahau kuwa aliugua. Njia ya kuzitafuta ni ya kupendeza kuitazama. Mtaalamu huchukua kisahani cha plastiki chenye vishimo tisini na sita, kila kishimo kidogo kuliko ncha ya kidole, ambacho chini yake pamegandishwa protini ya miiba ya kirusi; humimina humo tone la majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe nyekundu, akangoja, akaosha. Kama mna kingamwili, zitakuwa zimeng'ang'ania pale chini na maji hayataziondoa. Kishimo kisichokuwa nazo huoshwa kikabaki kitupu. Kisha hutiwa dawa ya pili inayoshikamana na kingamwili za binadamu, na ya tatu inayogeuza rangi, na baada ya muda mfupi vishimo vingine huwa manjano kama maji ya manjano ya pilau na vingine hubaki vyeupe. Kila kishimo cha rangi ni mtu aliyepitiwa na maradhi, awe aliugua au hakuugua.

Njia hiyo haikosi hitilafu, na mwandishi anayeisifu bila kuitaja hitilafu hiyo humdhulumu msomaji. Tuseme kipimo hukosea kwa mtu mmoja katika kila mia wasioambukizwa. Ukipima watu 1,000 ambao 50 kati yao waliambukizwa kweli, wale 950 waliosalia watakupa waongo wapatao 10, na hesabu yako itakuwa 60 badala ya 50, si mbaya. Lakini kama walioambukizwa kweli ni 5 tu, waongo bado watakaribia 10, na theluthi mbili za matokeo yako zitakuwa uzushi. Katika nchi za malaria na homa nyingine nyingi, ambako damu ya watu imejaa kumbukumbu za vita vingi, hadhari hiyo ni faradhi. Ndiyo maana watafiti wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, kabla ya kukiamini kipimo chao walikijaribu kwanza kwa damu iliyohifadhiwa tangu miaka ya kabla ya Korona, damu ambayo haikuwezekana kabisa kuwa na kingamwili hizo, nacho kikasema kweli kwa asilimia 99.

Watafiti hao hao, wa taasisi ya KEMRI na Wellcome Trust, ndio waliotutangulia kufungua mlango. Hawakuzunguka nyumba kwa nyumba. Waliomba mabaki ya damu iliyotolewa na wachangiaji 3,098 kwa ajili ya wagonjwa, kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Baada ya kusahihisha hesabu wakaona kuwa watu wazima wapatao 4 katika kila 100 wa Kenya walikuwa wamekwisha kuambukizwa, na Mombasa wapatao 8 katika 100, wakati ambapo daftari la serikali mwishoni mwa Mei lilikuwa na wagonjwa wapatao 2,000 tu kwa nchi nzima. Baadaye walipima madereva wa malori na matingo wao, wakaona 42 katika kila 100.

Huku kwetu, katika Hospitali ya Panzi ya Bukavu aliyoiasisi Daktari Denis Mukwege, watumishi wa afya 359 walipimwa damu Julai na Agosti 2020, na 41 katika kila 100 wakawa na kingamwili. Kinshasa, mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba mwaka huo, watafiti walizunguka majumbani wakapima watu 1,233, wakakadiria kuwa 16.6 katika kila 100 wa mji ule wameambukizwa. Maana yake, kwa kila mgonjwa mmoja aliyethibitishwa palikuwa na walioambukizwa wapatao 292. Nchini Zambia uchunguzi wa Julai 2020 ulizihusu wilaya sita, zikiwamo Ndola na Solwezi, miji ambayo mpaka tu ndio unaoitenga na Katanga, na makadirio yake yakawa kwamba kwa kila aliyethibitishwa, 92 hawakujulikana.

Nimeiweka Zambia mwisho kwa makusudi. Barabara kuu itokayo Kolwezi hupita Likasi, ikashuka Lubumbashi, ikafika Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, na juu yake usiku na mchana hupita malori ya shaba na kobalti yanayokwenda bandari za Durban na Dar es Salaam, ambayo hayakuzuiwa hata pale ndege zilipozuiwa, kwa kuwa madini hayangoji. Dereva hulala Likasi, hula Likasi, huzungumza na mwuza maji wa Likasi. Homa kuu ya mafua ya mwishoni mwa 1918 iliingia Katanga kutoka kusini kwa njia ya reli, na iliyofuata karne moja baadaye ilikuwa na lami. Mji uliobanwa kati ya Kolwezi na Ndola, wenye masoko, makanisa yenye kwaya na vilio ambavyo jamaa hukesha pamoja chini ya turubai moja, hauwezi kwa akili ya kawaida kudhaniwa kuwa ulisalimika.

Na bado palikuwa na watu wazima, wenye elimu, waliosema kwa kujiamini kuwa maradhi yale hayakutufika, kwamba damu yetu ina nguvu, kwamba jua letu hulichoma kila baya. Nayaona maneno hayo kuwa ni hatari, kwa sababu yamesimama juu ya nusu ya ukweli. Kweli wengi waliugua kidogo. Lakini daftari lililowakosa waliougua kidogo liliwakosa vilevile waliokufa. Katika chumba cha maiti cha hospitali kuu ya mafunzo ya chuo kikuu cha Lusaka, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti waliwapima marehemu 364 wa kila umri, wakakiona kirusi kwa 70, karibu mmoja katika kila watano. Kati ya hao, 51 walifia majumbani, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupimwa alipokuwa hai. Kati ya 19 waliofia hospitalini, waliopimwa ni 6 tu. Jamaa walizika kwa kudhani ni kifua, ni shinikizo la damu, ni uzee. Kongo nzima, yenye watu wapatao milioni mia moja, iliandika vifo visivyofika 1,500 kwa muda wote wa janga, na baada ya kuusoma uchunguzi wa Lusaka sioni namna ya kuiamini hesabu hiyo.

Ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaouona uchunguzi wa damu kuwa anasa ya wataalamu. Ukijua ni wangapi waliambukizwa utajua hatari halisi kwa kila mmoja, utajua chanjo itangulie kwa nani, na hutafunga shule ambapo wazee ndio wanaostahili kulindwa. Kirusi cha polio kilitufunza hivyo zamani: kwa kila mtoto mmoja anayepooza, wapatao 200 wameambukizwa, na walio wengi hawana dalili hata moja, kwa hiyo polio ya asili ya chanjo ilipozuka Haut-Lomami na mikoa jirani, ukiwamo huu wetu, kuanzia mwaka 2017, waliopigana nayo hawakungoja kuona watoto mia wenye miguu iliyolegea ndipo waamini kuwa kirusi kiko mitaani.

Mwezi Aprili 2022 Shirika la Afya Duniani lilikusanya tafiti za damu za Afrika nzima, likakadiria kuwa kufikia Septemba 2021 walioambukizwa barani walikuwa mara 97 ya walioandikwa, yaani karibu theluthi mbili ya Waafrika wote. Hesabu hiyo ya bara imetuenea sisi sote kwa ujumla, lakini haisemi lolote juu ya Shituru au Kikula. Swali la Likasi ya mwaka 2020 sasa haliwezi kuulizwa tena kwa damu mbichi, maana kingamwili za wimbi la kwanza zimefifia, mawimbi mengine yakaja juu yake, Omikroni ikapita kila mahali mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022, na chanjo nayo ikaongeza kumbukumbu yake. Kilichoiwezesha Kilifi ni desturi tu: majimaji ya damu yaliwekwa katika jokofu la baridi kali, kila kichupa kikiwa na tarehe, umri na jinsia bila jina. Hospitali za mji huu hupokea wachangiaji damu kila wiki, na vijiko viwili vya kila mmoja, vikihifadhiwa hivyo tangu leo, vitakuwapo siku ya kirusi kijacho kuonyesha damu ya Likasi ilikuwaje kabla hakijafika, na lini hasa kilifika.