Fahamu: Kupinga tozo ya maegesho binafsi nchini Uingereza

Karatasi inayobandikwa kwenye kioo cha gari katika maegesho ya duka kubwa nchini Uingereza kwa kawaida si faini, yaani adhabu ya mamlaka ya umma, bali ni dai la kampuni binafsi kwamba dereva amevunja mkataba alioukubali alipoegesha mahali penye bango la masharti. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa utetezi, kwa sababu bango likifunikwa na matawi ya mti, au maandishi yake yakiwa madogo kiasi cha kutosomeka, ni vigumu kuthibitisha kwamba palikuwa na makubaliano yoyote. Hata hivyo, tozo hizi si za kupuuzwa: mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis, iliidhinisha tozo ya pauni 85 iliyokuwa imetangazwa kwa mabango makubwa na ya wazi.

Picha za kamera za langoni zastahili kuchunguzwa kwa makini, maana huonyesha saa ya kuingia na ya kutoka tu, na ni dhuluma kumtoza mtu kwa dakika alizozunguka akitafuta nafasi au alizokwama kwenye foleni ya kutokea. Rufaa huanzia kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi yanayoambatana na picha na risiti, na ikikataliwa hupelekwa bila malipo kwa chombo huru cha usuluhishi kama POPLA, iwapo kampuni hiyo iko chini yake. Barua ya mahakama ikifika, ijibiwe ndani ya muda uliotajwa, kwani anayenyamaza huweza kuhukumiwa bila kusikilizwa.