Maumivu ya Wayo kwa Mwendo wa Haraka

Makuruti wengi hupatwa na maumivu ya wayo baada ya wiki chache za mwendo wa haraka. Msidhani ni uvivu. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, aliandika habari za askari waliovimba miguu kwa safari ndefu. Lakini mwaka 1897 ndipo picha za eksirei zilipobainisha kwamba mfupa wenyewe ulikuwa umepata ufa.

Ufa huo hutokea zaidi katika mfupa wa pili au wa tatu kati ya ile mitano iliyo nyuma ya vidole. Mfupa huchoka kwa kupigwa mara nyingi bila nafasi ya kujijenga. Dalili zake ni uvimbe juu ya wayo, maumivu yanayozidi mtu atembeapo na kutulia apumzikapo, na mahali pamoja panapouma pakibonyezwa. Picha ya siku za mwanzo huweza isionyeshe kitu.

Dawa kuu ni kuupumzisha mguu, kwa kawaida wiki 6 hadi 8. Mazoezi yaongezwe kidogo kidogo, na viatu visibane. Nanyi wa nyumbani, msimhimize mgonjwa ajikaze: afichaye ufa aweza kuuvunja mfupa kabisa.