Kalambo: Picha inayohitaji pasi ya kusafiria

KALAMBO, Rukwa

SAA kumi na mbili na nusu asubuhi, vidole vinakataa kubonyeza kitufe cha kamera. Ni Julai, na anayejua kipupwe cha Ufipa hahitaji maelezo. Anayenitangulia kwenye ngazi ni mama mmoja anayeuza dagaa wa Kasanga. Wiki hii hana safari ya Mbala, hivyo amekubali kunisindikiza.

Wengi wenu mnaopita Matai kuelekea Kasesya mmeusikia mto Kalambo bila kushuka kuuona. Mto huu ndio mpaka wa Tanzania na Zambia, na hapa unadondoka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, karibu mara mbili ya Victoria yenye mita 108, kabla ya kwenda zake Ziwa Tanganyika.

Huko juu nyasi zimekauka na miombo inageuka rangi ya kutu. Ndani ya korongo ni kijani kitupu, kwa sababu manyunyu hayakomi. Manyunyu hayo hayo ndiyo adui wa lenzi: ukifuta, unapiga haraka, unafuta tena. Asubuhi korongo lina kivuli, kwa hiyo niliiacha kamera juu ya miguu yake mitatu, lenzi wazi kwa nusu sekunde, maji yakatoka kama pamba. Betri ya akiba nilikuwa nayo kwapani, maana baridi huinyonya. Mama alipiga kwa simu yake kongoti waliojenga viota kwenye genge, na picha yake ilishinda zangu tatu za kwanza.

Tatizo lilianza nilipotaka picha ya upande wa Zambia. Juu ya maporomoko maji yalikuwa yamepungua, mawe yametokeza. Zambia ilikuwa hatua chache tu. Nikavua viatu.

Mama akanishika mkoba. Mawe yale yana utelezi, alisema, na hapo hakuna anayeteleza mara mbili. Na nikifika salama, nitakuwa Zambia bila muhuri. Yeye ni Mlungu, ana ndugu ng'ambo zote mbili, lakini mzigo wake huupitisha Kasesya na karatasi zake, kwa kuwa ukikamatwa kwenye njia ya panya hakuna wa kumlipa.

Nikavaa viatu. Safari ya hatua chache ikawa Matai, Kasesya, Mbala, kisha barabara ya vumbi. Siku nzima na ushee. Stakabadhi ya kamera nilikuwa nayo mfukoni, kama ninyi mnavyotembea na za bidhaa.

Nilifika mchana, jua limeingia korongoni, maji yakatoka meupe kupita kiasi. Kwa picha, nilichelewa. Ila ni upande huu, juu kidogo ya maporomoko, watafiti walikofukua magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na watu wa kale. Mwaka 2023 walitangaza kuwa yana angalau miaka 476,000. Forodha haikuwepo.

Jioni, Mbala, nilimtumia mama ile picha mbovu. Hakuuliza habari ya maji. Aliuliza kama kutoka kule tulipokunywa chai panaonekana.

Panaonekana. Ukiikuza picha, ni ngazi ya tatu kutoka juu.